Ndoana za Mize

"Ajuaye tumbo lake hufunga ndoana pwani." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya walafi. Haya, kaeni niwaambie ilikotoka, maana haikuokotwa njiani.

Methali hii ilianza na Mize binti Kombo. Baba yake alipofariki aliacha mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, na Mize aliutaka kuliko urithi mwingine wowote. Ila bahari ilikuwa ikimlevya. Mtumbwi ukiyumba kidogo tu, anatapika. Ami yake, Mzee Makame, akasema chombo cha marehemu hakiendi kwa mtu wa namna hiyo, heri akichukue Shaame, mwanawe. Mize akaomba ajaribiwe siku moja. Akakubaliwa: watoke yeye na Shaame, kila mtu na mtumbwi wake, na atakayerudi na samaki wengi ndiye mwenye chombo.

Sasa Mize alikuwa amejichunguza. Kilichomvuruga hasa hakikuwa mawimbi, bali kuinama na kukodolea macho kitu kidogo huku chini kunacheza. Basi siku ya kuamkia safari alikaa barazani akafunga ndoana ishirini, kila moja na uzi wake. Shaame akapita, akamuuliza kama anatunga shanga za harusi. Asubuhi Mize alikula muhogo mkavu, akatia kipande cha tangawizi shavuni. Shaame alikunywa chai ya maziwa na maandazi sita.

Huko nje mawimbi yalikuwa mapana. Mize alitapika mara moja, akasukutua, akakaza macho kwenye mti mrefu wa mvinje ulioko pwani, akaendelea kuvua. Samaki wenye meno walikata nyuzi ovyo. Wake ukikatika, anapachika mwingine kwa kupapasa tu. Shaame naye akainama kufunga ndoana nyingine. Fundo la kwanza, la pili. La tatu hakulimaliza, maandazi yote sita yakaenda kwa samaki.

Mize akapiga kafi mpaka ubavuni mwake, akamgawia tangawizi.

"Nyanyua uso, kaka. Tazama mvinje, usitazame mikono."

Walirudi pamoja, mtumbwi wa Mize umejaa changu, wa Shaame una wawili. Mzee Makame hakuuliza habari za samaki. Aliuliza nani katapika.

"Sote," akajibu Shaame, uso umempauka. "Lakini mwenzangu analijua tumbo lake, baba. Ndoana zake alizifunga pwani."

 Mzee akaliokota kafi la marehemu nduguye, akamkabidhi Mize kwa mikono miwili.

Mize alivua miaka thelathini, na mpaka safari yake ya mwisho alikuwa akitapika. Huyo ndiye bibi yenu, enyi mnaocheka, na mimi natembea kifua mbele kwa ajili yake. Ajuaye tumbo lake hufunga ndoana pwani.