Kovu Shingoni mwa Chungu

Mmeuliza kwa nini vyungu vya ukoo wa Nakijwa vina kovu shingoni, kama vilivyoparuzwa na jiwe kabla ya kuuzwa. Nitawaeleza, ila anayetaka kisa cha kuchekesha akatafute kwa jirani.

Hapo kale, huku milimani, chungu hakikuwa na mwenyewe. Mfinyanzi alifinyanga, akachoma, akapeleka gulioni. Mnunuzi alikigonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akabahatisha. Kikimpasukia jikoni hakujua amlaumu nani, basi aliwalaumu wafinyanzi wote.

Nakijwa alichoka kubeba lawama za wenzake. Yeye udongo wake aliuchimba bondeni, akauchekecha, akauchanganya na unga wa vigae vya zamani, na chungu chake kilizeeka motoni bila ufa. Siku moja, kabla udongo haujakauka, alikandamiza suke la ulezi shingoni mwa chungu, likaacha alama yake. Akafanya hivyo kwa kila chungu. Muda si muda, wanawake gulioni wakaacha kugonga na kusikiliza. Waliuliza tu, "Cha suke kipo?" Watu wa ng'ambo ya mlima, ambao hawakuwahi kuuona uso wake, walimjua kwa suke lile. Lilikuwa jina lake, na alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Wafinyanzi wengine nao wakabuni alama zao, na ugomvi ukaanza. Mfumwa, mtawala wetu wa enzi hizo, akaweka utaratibu. Mwenye alama ailete barazani, wazee waitazame isifanane na ya mwingine, kisha mbiu ipigwe magulio matatu. Mwenye pingamizi aje aseme. Asipotokea mtu, alama ni ya aliyeileta, tena kwa bidhaa aliyoitaja tu. Ya vyungu ni ya vyungu, anayetaka ya majembe aje upya. Bibi mmoja alileta mchoro wa chungu, ati ndio uwe alama ya vyungu vyake. Wazee wakacheka hadi machozi. "Tukikupa wewe chungu," wakamwambia, "wenzako waseme wanauza nini?"

Nangasu, jirani yake Nakijwa, alimsihi. "Dada, peleka suke lako barazani."

"Nikajitembeze huko kwa lipi? Kizuri chajiuza. Nani huku milimani asiyejua kwamba suke ni langu?"

Methali hiyo mimi siipendi, nasema wazi. Imewaangusha wengi waliokuwa na haki.

Aliyekwenda barazani ni Mkwizu, mchuuzi aliyekuwa akinunua vyungu vya Nakijwa na kuvitembeza vijiji vya mbali. Alikwenda na suke la ulezi mkononi, akasema ni alama ya vyungu vyake. Mbiu ya kwanza ilimkuta Nakijwa bondeni akichimba udongo. Ya pili aliisikia vizuri, akatajiwa na jina la Mkwizu, akacheka. Ya tatu ilipolia, moto wa kuchomea vyungu ulikuwa umeshawaka, na mwiko wa wafinyanzi ni kwamba aliyewasha haondoki, la sivyo vyungu vyote hupasuka. Nakijwa akabaki na moto wake.

Mkwizu naye akawafinyangisha wake zake udongo wa mchanga wa mtoni, ovyo ovyo, na kila chungu kikapigwa suke. Vikauzika kuliko maji wakati wa kiu. Kisha vikaanza kupasuka. Kimoja kilipasuka siku ya arusi, nyama ikamwagikia majivuni mbele ya wakwe. Mama wa bibi arusi alibeba vigae hadi uani kwa Nakijwa, akavitupa miguuni pake.

"Umetuuzia aibu, wewe mwanamke!"

Nakijwa aliokota kigae, akaliona suke, akauona na mchanga. Hapo ndipo alipokimbilia barazani.

Mfumwa alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, sote hapa tunajua suke lilitoka kwako," alisema. "Ulikuwa wapi mbiu ilipolia?"

"Nilikuwa na moto, Mfumwa."

"Mwenzio alikuwa hapa."

Walijua, wakamnyima huku wanajua! Wakaamuru vyungu vyake vyote vifutwe suke kabla ya kurudi gulioni. Alivifuta kwa jiwe, kimoja kimoja, mbele ya watu, na Mkwizu akisimama kuhakikisha. Nangasu alitaka kumsaidia, akakataa.

Alipomaliza, hakwenda nyumbani. Alichukua chungu kimoja, akakiweka miguuni pa Mfumwa. "Naleta alama yangu."

"Mbona hakina kitu?" wazee wakauliza.

"Kina kovu. Tazameni kama kuna mwingine aliye nalo."

Hakukuwepo. Mbiu ikapigwa, na mara zote tatu Nakijwa alikuwa amekaa barazani, hata siku ambayo vyungu vyake vilipasuka vyote motoni kwa kukosa mtu.

Na tangu siku hiyo, mabinti wa ukoo ule hupeleka kovu barazani kabla ya kupeleka chungu gulioni, na mbiu ikilia huacha hata moto unaowaka. Suke hadi leo ni la akina Mkwizu. Nakijwa aliishi akazeeka, na uji wa ulezi hakuutia tena kinywani.