Miguu ya Mzee Shekue

"Elfu hamsini? Sikupi hata senti!" alifoka Mzee Shekue, tajiri wa mchele, aliyekuwa akibebwa kwa kiti tangu aamini kuwa jirani kamroga miguu. "Tulipatana nitalipa nikitembea. Dawa nimekunywa. Nimetembea?"

"Bado, mzee wangu," alijibu Bi Mwanaidi, mganga wake. Akatoka uani, akapaza sauti: "Jamani, Mzee Shekue katoa sadaka! Ghala la mchele liko wazi, njooni na vikapu!"

"Mwongo mkubwa! Funga ghala langu!" Mzee akachomoka kitini, akakata ua mbio huku ameshikilia msuli usimdondoke, akafika ghalani akihema. Hapakuwa na mtu ila Bi Mwanaidi, ameegemea mlango wenye kufuli.

"Mbona limefungwa?"

"Halijafunguliwa tangu jana. Wewe umefikaje hapa? Lete elfu hamsini yangu."