Mkono wa Kushika Kibuyu

Homa haisubiri baraza. Mmelisikia neno hilo kwa jirani mkacheka, sasa mnataka kujua lilitoka wapi. Haya, kaeni, na huo mguu uache kutikisika. Hadithi hii hata mimi hainikalishi vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huko milimani, mfalme alifariki akaacha mtoto mmoja, Kiondo, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Wakamkalisha kwenye kiti cha baba yake, miguu ikining'inia. Nchi ikashikwa na baba yake mdogo, Senkondo, mpaka mtoto akue.

Sasa, mila yao ilisema mwili wa mfalme ni wa nchi. Kunyolewa, kuoga mtoni, hata kutolewa mwiba, lazima wazee wa baraza wakubali kwanza. Kwa mtu mzima haikuwa taabu. Kwa mtoto, jamani, kilikuwa kifungo. Kiondo aliwaona wenzake wakiteleza kwenye nyasi za mteremko, akamuuliza mama yake, Nakiete, "Mama, leo wamekubali?" Kila siku jibu lilikuwa bado.

Masika yalipoanza, akashikwa na homa. Nakiete alikuwa na magome aliyowachemshia watoto wengi wakapona. Akayachemsha upesi, lakini walinzi wa mlangoni wakamzuia kuingia nayo. Akakimbia kwa Senkondo.

"Shemeji, niruhusu nimnyweshe mwanangu."

"Ngoja wazee wafike."

"Anaweweseka. Hanijui tena."

Senkondo hakuwa katili. Alikuwa mwoga, na mwoga mimi namwogopa kuliko katili. Akasema, "Nikikuruhusu akafa, watasema nimemuua nikalie kiti chake."

"Na akifa bila dawa?"

Senkondo akatazama chini. "Watasema ni amri ya Mungu."

Wazee wakaingia mmoja mmoja, wamelowa. Nakiete hakutulia: aingie amtazame mtoto, atoke aipashe dawa moto, ipoe, aipashe tena. Hatimaye wakakubali mtoto anyweshwe. Kisha wakaanza kubishana ni mkono wa nani utakaoshika kibuyu cha dawa, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

"Mkono wangu," Nakiete akasema.

"Wewe ni mama wa Kiondo," wakamjibu, "lakini anayenyweshwa ni mfalme."

Akaingia tena kumtazama mwanawe. Alipotoka, Senkondo alikuwa amesimama. "Haya, shemeji, tumekubaliana. Mnyweshe wewe."

Nakiete hakulia mbele yao. Alikichukua kibuyu, akaimwaga dawa miguuni pao, akasema, "Homa haisubiri baraza."

Kiondo akazikwa, na Senkondo akakirithi kiti bila kushukiwa na mtu, akatawala hadi uzeeni. Lakini kila alipokalia jambo la haraka, hata mchunga mbuzi aliweza kumwambia usoni: homa haisubiri baraza.