Pweza wa Bikombo

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kisakani alikuwa na rafiki baharini. Mwanamke huyo aliitwa Bikombo binti Vuai, mjane, mkulima wa mwani. Rafiki yake alikuwa pweza, aliyekaa katika tundu la mwamba uitwao Mwamba Mdogo, karibu na kamba zake za mwani.

Mwaka ule wazee walikuwa wameufunga mwamba ili pweza wazae na kukua. Hakuna aliyeruhusiwa kuchokoa tundu lolote mpaka siku ya kufungua. Bikombo, kila maji yalipokupwa, alipeleka kaa mmoja mdomoni mwa tundu. Mwanzo pweza alimrushia maji. Baadaye akatoa mkono mmoja, akamgusa kidole. Mwisho ikawa akisikia nyayo zake hutoka mwenyewe, akajiviringisha na kumzinga kifundo cha mkono, na Bikombo hukaa kimya majini, moyo umetulia kama mtu ambaye hajapata kufiwa.

Wifi yake, Riziki, alimcheka. "Wifi, huyo utampika au utaolewa naye?"

Kisha ikatangazwa siku ya kufungua mwamba. Siku hiyo kila mtu angeshuka na kijiti kuwinda pweza. Bikombo alijua la kufanya: amchome pweza kwa kijiti, amuumize kidogo, ajue kuwa mkono wa mtu una mauti, akimbilie kilindini. Akaenda na kijiti. Pweza akatoka, akakizinga kijiti kwa upole. Bikombo akaona haya. Akarudi nyumbani akijiambia, ananijua mimi tu, mwingine hatamtokea. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa, akarudi na neno lile lile, na kila mara lilimpungukia nguvu.

Siku ikafika. Kwa desturi yao hakuna atanguliaye. Wote husimama ufukweni mzee akiomba dua, kisha huingia pamoja, na tundu ni la afikaye kwanza. Dua ilikuwa ndefu. Bikombo aliitikia amina asijue anaitikia nini. Mikono iliposhushwa alikimbia, maji ya magoti yakamzuia, akateleza juu ya mawe, akainuka. Riziki alikuwa mbele yake, ameinama kwenye tundu lile, kijiti bado kwapani.

"Wifi, njoo uone!" Riziki akaita kwa furaha. "Huyu sikumchokoa. Kaja mwenyewe!"

Pweza alikuwa amemzinga mkono.

Kabla Bikombo hajasema kuwa ni wake, Riziki akampigiza pweza jiweni, kama afanyavyo kila mtu, wala Riziki hakuwa na kosa.

Basi nanyi mpendao, mkaona haya kuonya: pweza yule aliuawa na nani?