Uso wa Kapteni Namkunda

Hapo zamani, si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya wino na karatasi, paliondokea pale Tanga mchoraji wa katuni, jina lake Mwanaidi Shekigenda. Kila mwezi alichora kisa cha Kapteni Namkunda, mwanamke anayerusha chombo kati ya nyota. Pua ya kwetu, midomo ya kwetu, nywele za mabutu. Lakini uso mweupe! Mweupe pe, karatasi tupu.

Msimcheke upesi. Mara ya kwanza alimpaka wino, akampelekea Mzee Hizza, mpiga chapa. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, karatasi yetu inakunywa wino. Ukimpaka weusi, macho yatapotea, litabaki baka. Haiwezekani. Mwache hivihivi, watu watajua ni mwenzao."

Mwanaidi akakubali. Akakubali mwezi ule, akakubali mwezi uliofuata, akakubali miaka saba, hata akasahau kwamba jambo lenyewe liliwahi kumuuma.

Siku moja akaja Mwalimu Eliwaza, wa darasa la tatu, na furushi la majarida. Mwanaidi akafungua la kwanza: Namkunda mweusi. La pili: mweusi. Miaka saba yote, kila uso umetiwa penseli taratibu, macho yakaachwa yang'ae.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, kabla sijawagawia wanafunzi. Mtoto mmoja aliliona lile la kwanza mezani kwangu, akaniuliza kama Namkunda ni mzungu. Nikachukua penseli."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Nilidhani ndivyo ulivyomtaka."

Mwanaidi akaona aibu, aibu ya mtu mweusi aliyechora watu wake miaka saba bila kuwaona. Akayabeba majarida hadi kwa Mzee Hizza. Mzee akavaa miwani, akaitazama ile rangi ya penseli. Majuma matatu alikataa kazi za kadi za harusi, akawa anachonga bamba la kuchapia kwa sindano: vijistari vyembamba badala ya wino mzito. Jarida likatoka. Namkunda mweusi, na macho yanacheka! Mzee akalia palepale kiwandani, wala hakujificha.

Basi, sifa zikavuka bahari. Ikaja barua ya kampuni iliyotaka kumtia Namkunda kwenye filamu ya katuni, na ndani yake picha ya majaribio: pua imechongoka, ngozi imepauka kama chai ya maziwa. Mkataba ukasema liandikwe jina moja tu la mwenye Namkunda, na huyo peke yake ndiye atakayekuwa na kauli juu ya sura yake.

Wakakaa watatu.

Mwalimu akasema, "Mimi sikumkubali mweupe hata mwezi mmoja. Najua, nilinyamaza. Sasa sinyamazi tena."

Mzee akasema, "Sote tulimtaka mweusi, lakini mkono uliomtoa mweusi ni huu. Na mimi ndiye niliyesema haiwezekani. Najua neno hilo linavyodanganya, hawatanidanganya nalo."

Mwanaidi akasema, "Jina lake, pua yake, safari zake zote zimetoka kichwani mwangu. Shikamoo zenu, wazee wangu, lakini mtoto ni wangu."

Akasema hivyo kwa sauti. Moyoni aliogopa. Mzee alimwambia mara moja tu, kwa upole, naye akakubali miaka saba. Hawa wanakuja na tiketi za ndege na maneno matamu, je, ataweza kuwakatalia? Na akiandika jina la mwenzake, atakuwa amemlinda Namkunda, au amemtupa?

Kalamu anayo mkononi, na wenzake wanamtazama.

Haya, nanyi mliokuwa mkisikiliza, msinikwepe: mwenye kumwumba, mwenye kumwona, na mwenye kumchapa uso ukaonekana. Je, jina la nani linastahili kuandikwa?