Hodi ya Tatu

"Zamu ya mlangoni hapewi mlafi, Mjomba," alisema Sungura.

"Mlafi ni hayo masikio yako, yanayomeza kila neno la watu," akajibu Fisi, akajikalisha mbele ya kipaza sauti cha mlango.

Wanyama hawa walikuwa wahamiaji kwenye sayari ndogo upande wa nyota za Kilimia, wakiishi pamoja ndani ya jumba la chuma. Simba na Chui, watawala wa nyota mbili jirani, walikuwa vitani, na vyombo vya angani vya kuleta maji havikupita tena. Lilibaki tangi moja. Simba alilitaka kwa ajili ya askari wake, lakini kwa majivuno yake havunji nyumba ya mtu. Yeye hupiga hodi. Akiambiwa karibu, vyote vya ndani ni vyake. Hodi ya tatu isipojibiwa, huondoka asirudi, maana mfalme habembelezi.

Sungura alimsikia Fisi redioni akimwahidi Simba hilo neno moja, karibu, kwa malipo ya pipa la mifupa. Alipowaeleza wenzake, walicheka wakasema masikio yake yanasikia hata yasiyosemwa.

Basi akapika halua. Akaikoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe, akaiweka mlangoni kwenye sinia, akamsihi Fisi asiiguse kabisa, ni ya mgeni. Kisha akajibanza pembeni, akajiziba mdomo kwa mikono miwili asicheke.

Chombo cha Simba kikatua. "Hodi," kipaza sauti kikasema.

Fisi alikuwa ameshaitia halua yote kinywani. Meno yakagandana. Akavuta taya la juu, likaja na la chini.

"Hodi," sauti ikarudia, sasa kwa ubaridi. Fisi akaruka, akajibamiza ukutani, akalia kama birika linalochemka. Kelele zikawaleta wanyama wote mbio, Bibi Kobe, mkubwa wao, akiburura miguu nyuma kabisa.

"Hodi," kwa mara ya tatu.

Fisi akakwangua meno kwa kucha. Huko nje injini zikanguruma, chombo kikapaa na hasira zake.

Hapo ndipo halua ikateremka. "Karibu, Mfalme wangu, karibu, tangi lote ni lako," Fisi akapayuka, macho kayafumba kwa uchungu wa koo. Alipoyafumbua, akaona jamaa zake wote wamemzunguka.

Bibi Kobe akafika mlangoni, akapumua kwanza.

"Mwanangu Fisi," akauliza kwa upole, "huyo mgeni wako ni nani?"