Kichuguu cha Kasungami

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana. Siku hiyo Godefroid, mfyatua matofali wa Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, alipanda kichuguu akiwa ameinua simu kama padri anayeinua kikombe, akapaza sauti: "Allô! Leta motokari, bibi yangu anakufa!" Mtandao haukushika. Mnara ulioahidiwa na wakubwa tangu uchaguzi ulikuwa bado shimo lenye nyasi. Aliteleza, akabingirika hadi chini. Kabla ya jioni Agnès, mkewe aliyeishi naye miaka thelathini, alikata roho.

Mpita njia alikuwa amemrekodi Godefroid juu ya kichuguu. Mwezi haukuisha, kampuni moja ya simu ikainunua video ile, ikafuta sauti, ikatia muziki na maneno: "Papa, shuka! Nunua Kimbilio, inashika hata ndani ya mgodi." Lubumbashi nzima ikavunjika mbavu.

Godefroid akaenda mjini kwa mkurugenzi, Ruben, kudai video iondolewe.

"Papa, ni kicheko tu," Ruben alisema. "Sasa uko vedette, kila mutu anakujua. Kamata simu moja ya bure."

"Ku kilio, mutani tu ndiye ananicheka. Na yeye analala chini pamoja na sisi, anachota mayi. Wewe ulichota mayi gani?"

Simu aliiacha mezani. Video ikabaki.

Mwezi wa Agosti kampuni ikafika Kasungami na vipaza sauti. Mbele ya umati Ruben akatoa simu ya Kimbilio ampigie mama yake. Kimya. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Kimya kama kaburi.

"Patron, kichuguu iko pale," Godefroid akasema.

Watu wakaangua kicheko. Kwa aibu Ruben akapanda na viatu vyake vya kung'aa. "Allô! Mama! Allô!" Akaporomoka, suruali ikapasuka. Sephora, binti wa Godefroid, alikuwa akirekodi. Kufikia Jumapili jiji zima lilikuwa limeona.

Jumatatu Ruben akabisha hodi, macho mekundu.

"Papa, ambia mutoto afute. Batoto bangu banachekwa ku masomo. Munaniua."

"Ni kicheko tu. Sasa uko vedette."

"Nitaleta polisi."

"Leta. Wewe ulifuta sauti yangu. Mbele ya kuifuta, uliisikia kwanza."

Ruben akainamisha kichwa, akaondoka. Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ila ni nani aliyemhesabu Agnès miongoni mwa nguruwe?